Pole Kabla ya Sindano

Saa tatu asubuhi, chai ya wauguzi haijapoa, soksi ya Lugano ilikuwa imekwisha tena. Hii ilikuwa siku ya nne mfululizo. Sista Tulinagwe aliinama juu ya kikasha cha joto akasoma maandishi yaliyojitokeza kwenye kifundo cha mguu, mguu wenyewe haufiki unene wa kidole chake: IMEFUNGWA MPAKA ALFAJIRI. Aliguna. Mtoto alibakiza sindano nne za siku hiyo, na zote nne, kama za siku tatu zilizopita, ingebidi zisogezwe hadi alfajiri, la sivyo azipokee kavukavu, kama njiti wa enzi za bibi zetu.

Sekela, mama wa mtoto, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kando, khanga mbili zimemfunika mabega kwa ile baridi ya milimani. Aliuliza kama fundi amepatikana. Tulinagwe akamwambia yuko njiani kutoka Mbeya, avumilie. Sekela alivumilia. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mimba mbili zilizoharibika kabla ya hii, kwa hiyo kuvumilia alikuwa akikujua vizuri.

Nieleze kidogo habari ya soksi, maana watasoma watu ambao hawajawahi kukanyaga wodi ya watoto njiti. Lugano alizaliwa wiki ya ishirini na saba, gramu mia tisa na themanini. Kisigino chake kilikuwa kama punje ya harage, na punje hiyo ilitobolewa mara tano au sita kila siku: kupima sukari, kupima manjano, kupima chumvi ya damu. Huwezi kumpa mtoto wa namna hiyo dawa kali ya maumivu kwa kila sindano, atasahau kupumua. Ndipo wataalamu wakatengeneza kofia na soksi. Kofia ni kitambaa chembamba kama ganda la kitunguu. Kinakaa kichwani na kusoma ubongo. Maumivu yakianza tu kuchomoza, taa ndogo pembeni ya kofia inakuwa nyekundu, na hapo hapo soksi inaufunga mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mguu kwa sekunde nne. Sindano inaingia, mtoto anahisi mguso, basi. Wauguzi waliita kila kufungwa huko kufuli.

Kwa miaka minne tangu vifaa hivyo vifike Hospitali ya Isumbwe, wodi ya njiti ilikuwa kimya. Wauguzi walioajiriwa baada ya hapo hawakuwahi kusikia njiti akilia kwa sindano.

Tatizo lilikuwa moja. Mshipa wa njiti ni mchanga. Ukiufungafunga unachoka, na ukichoka sana mguu unakufa ganzi ya maisha. Kwa hiyo soksi iliwekewa mpaka: makufuli thelathini kwa siku, yakiisha inajifunga yenyewe hadi alfajiri. Mtoto wa sindano sita atamaliza wapi makufuli thelathini? Ndivyo walivyopiga hesabu waliotengeneza, na kwa kweli walikuwa na haki.

Ila Lugano alikuwa anamaliza thelathini kabla ya saa nne asubuhi. Walishambadilishia soksi tatu na kofia mbili. Kila moja ilikwenda vile vile.

*

Tulinagwe alikuwa na miaka ishirini na sita katika wodi ile. Mkono wake ulijulikana wilaya nzima, kwani mahali ambapo wengine walitoboa mara mbili au tatu kutafuta damu, yeye alitoboa mara moja tu. Lakini kilichompa jina hasa kilikuwa mdomo. Chuoni alifundishwa kwamba mgonjwa hashikwi kabla ya kuambiwa. Sasa mtu wa gramu mia tisa utamwambia nini? Alifikiri, akachagua neno. Unaweka kiganja kichwani mwa mtoto, unasema "Pole, baba" kama ni wa kiume, "Pole, mama" kama ni wa kike, unasubiri pumzi tatu, ndipo unachoma. Aliwafundisha wauguzi wote hivyo. Aliandika ukutani kwa rangi ya buluu: USIMCHOME MTOTO HUJAMPA POLE. Hospitali nyingine ziliiga. Akina mama walimpenda mno, na yeye, tuseme ukweli, alipenda kupendwa.

Baada ya kusoma ile soksi hakwenda kunywa chai. Alivuta kigoda akaketi karibu na Sekela. Alfajiri, soksi itakapofunguka, ilikuwa mbali mno. Alichukua kishikwambi akafungua kumbukumbu za kofia za asubuhi ile, kisha akaiacha kofia ikiendelea kusoma na yeye akawa anatazama taa.

Mtoto sasa alikuwa ametolewa kikashani, yuko kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, taa ya kijani. Akapata kwikwi. Sekela akampapasa mgongo, akasema, "Pole, baba." Taa ikawa nyekundu.

Tulinagwe alidhani ni kwikwi. Lakini kwikwi ziliendelea na taa ikarudi kijani. Mama wa kitanda cha pili akaangusha kifuniko cha chupa ya chai, kikalia kwenye sakafu. Taa ikabaki kijani. Wenzake wakamwambia pole, sauti tatu kwa pamoja. Nyekundu.

Hapo akaanza kulishuku neno lenyewe. Aliinama, akaweka kiganja kichwani mwa Lugano kama alivyoweka kwa maelfu ya watoto, akasema, "Pole, baba," kwa ile sauti yake inayosifiwa. Taa iliwaka nyekundu kabla hajamaliza neno, na safari hii vidole vya mtoto vilikunjuka vyote kumi, magoti yakapanda tumboni.

Sekela alimtazama, akamwuliza kuna nini. Tulinagwe alijibu kwamba anaangalia tu. Akaenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa misafi, akasimama pale kwenye sinki muda mrefu. Aliogopa.

*

Fundi Ambokile alifika saa saba mchana. Kijana mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuvua viatu mlangoni hata asipoambiwa. Alimwamkia Tulinagwe shikamoo kwa magoti nusu, kisha akasikiliza maelezo yote bila kumkatiza. Hakucheka, ingawa Tulinagwe alitazamia kuchekwa.

Walivuta pazia. Ambokile alisimama nyuma ya kichwa cha mtoto akatamka maneno moja moja, sauti ya kawaida: maziwa, kesho, Lugano, asante, polisi, pole. Taa ilisita kidogo kwenye "polisi", ikawa njano. Kwenye "pole" ikawa nyekundu. Akamwomba Tulinagwe atamke yeye. Nyekundu zaidi, kipimo kilipanda mara mbili. Walizunguka wodi nzima kitanda kwa kitanda. Watoto kumi na mmoja, tisa taa nyekundu. Wawili waliobaki walikuwa wameletwa jana yake kutoka kituo cha afya cha bondeni, ambako hakuna aliyewahi kuwasemesha kabla ya kuwachoma.

Ambokile alifungua kumbukumbu. Mtoto wa kitanda cha nne alikuwa anatumia makufuli ishirini na mawili kwa siku, wa kitanda cha saba ishirini na sita. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyefika thelathini. Tofauti ya Lugano ilikuwa mama yake. Sekela alimpa mwanawe pole kwa kwikwi, kwa nepi, kwa mpira wa puani, na zaidi ya yote kwa kumtoa tumboni kabla ya wakati. Kutwa nzima pole, na kila pole ilikula kufuli.

"Mama," Ambokile alimwambia Tulinagwe, akiwa bado anatazama kishikwambi, "watoto hawa wana akili sana. Wamejua kwamba nyuma ya neno hili kuna sindano. Kile kichomo cha kwanza, kabla soksi haijafunga, kimewatosha."

Tulinagwe aliuliza kama inawezekana ni kofia ndiyo imekosea, inaona woga na kuuita maumivu. Ambokile alikiri kwamba alijiuliza hilo hilo. Akamwonyesha mistari miwili, wa sindano na wa neno. Ilikuwa inafanana kama mapacha. Kwa ubongo wa wiki ya ishirini na tisa, alieleza, woga wa kuumia na kuumia vinakaa chumba kimoja.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Tulinagwe alikaa akaanza kuhesabu kichwani miaka aliyofundisha utaratibu ule, na wangapi aliwafundisha. Alipofika mbali akaacha kuhesabu, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti.

*

Jambo la kwanza alilofanya daktari mkuu lilikuwa kupiga marufuku. Kuanzia kesho yake, hakuna kusema pole ndani ya wodi.

Mkataze Mtanzania neno hilo kwa siku moja ndipo utajua linakaa wapi kinywani mwake. Saa mbili na robo mfanya usafi aliteleza kwenye maji yake mwenyewe, na midomo sita ikampa pole kabla hajagusa chini. Saa tatu mama mmoja alipiga chafya. Saa tatu na nusu kuliletwa habari kwamba ng'ombe wa mama wa kitanda cha tano amekufa, na hapo ndipo wodi ilipojaribu kumfariji mtu kwa kutikisa vichwa, mpaka mwenye ng'ombe akaanza kudhani wamemchukia. Daktari mkuu mwenyewe alipoingia na kumkuta Sekela macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimwambia, "Pole na uchovu," akashika mdomo. Soksi ya Lugano ilijifunga saa sita mchana. Walau ilikuwa saa sita.

Jioni walikaa watatu ofisini, daktari mkuu, Ambokile na Tulinagwe. Ambokile alisema zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kuziba. Kofia inasikia neno kabla ya mtoto kulielewa, kwa kitambo cha kope kupepesa. Inaweza kufundishwa sauti ya pole ikalifunika pale pale ubongoni, mtoto akasikia kimya kidogo, basi. Kazi ya saa moja. Soksi ingefanya kazi kuanzia usiku huo, na Lugano asingesikia sindano hata moja mpaka siku ya kuruhusiwa, wiki sita mbele.

Tulinagwe aliuliza baada ya wiki sita inakuwaje.

Ambokile alikuna shingo. Sikio la njiti ndiyo kwanza linajengwa, alisema, na sehemu isiyopata sauti haijengeki. Kwingineko duniani wameshamzibia mtoto mmoja neno, kwa sababu nyingine, na sasa ana miaka miwili na nusu. Anaongea vizuri. Lakini lile neno halipati. Wakimtamkia anatazama tu mdomo wa mtu, kama anayesubiri sauti itoke. Kama litakuja baadaye au haliji, hakuna ajuaye.

Njia ya pili ni kumfundisha upya. Mtoto akae kifuani kwa mama, aambiwe pole mara hamsini, sitini kwa siku, na kusitokee kitu chochote. Aambiwe tena, kusitokee kitu. Mpaka achoke kuogopa. Lakini kufuli lenyewe nalo ni kitu: mtoto anasikia pole, na mara mguu unapotea sekunde nne. Kwa hiyo soksi lazima izimwe kabisa. Na haiwezi kuzimwa na kuwashwa kati kati ya siku, kwani kila ikiwashwa hutumia karibu makufuli yote kuupima mshipa upya. Siku tatu bila soksi. Daktari mkuu alipunguza vipimo alivyoweza kupunguza, vikabaki vinne kwa siku. Sindano kumi na mbili, kavukavu, kwa mtoto ambaye sasa alikuwa na gramu elfu moja na ishirini.

Daktari alisema uamuzi ni wa mama. Akamwomba Tulinagwe ndiye akaeleze, maana anaaminika.

*

Njiani kutoka ofisini mpaka wodini ni hatua arobaini hivi, na katika hatua hizo Tulinagwe alishawishika kusema uongo. Hata uongo haukuhitajika. Angeweza kusema tu kwamba watoto wamelizoea vibaya neno fulani, ni mambo ya mitambo, tuchague hili au lile. Sekela asingeuliza. Angesema, "Wewe unaonaje, Mama?" na Tulinagwe angesema ziba, na wangeziba. Lile bango la ukutani lingebaki.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliketi kwenye kigoda akaeleza yote, njia zote mbili, na yule mtoto anayetazama mdomo. Kisha akamalizia.

"Aliyemfundisha mwanao kuliogopa hilo neno ni mimi. Ule utaratibu ni wangu. Wauguzi wote wanafuata nilichowaambia."

Sekela alimrekebisha mtoto kifuani, akaifunga khanga vizuri. Alipozungumza, hakuonekana na hasira. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia.

"Lakini Mama, pole si huambiwa mtu akishaumia? Ninyi mbona mlikuwa mnaitanguliza?"

Miaka ishirini na sita, vyeti viwili na mikutano mitatu, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Kweli, nani humpa mtu pole kabla hajajikwaa? Ukimwambia hivyo barabarani ataruka, atatazama kuna nini. Tulinagwe alisema tu kwamba alitaka kuwa mwema.

Sekela akauliza yeye angechagua lipi. Tulinagwe alimjibu kweli tupu: angeziba, kwa sababu anaikumbuka sauti ya njiti anapochomwa bila soksi, na anaogopa kuisikia tena, hasa kwa mtoto huyu.

"Na siku nikifiwa?" Sekela aliuliza. "Watu watakuja nyumbani kwangu na kunipa pole, mwanangu amekaa pale hasikii wanasema nini. Siku nikiumwa ataniambia nini? Mtu asiyeijua pole, Mama, ataishi na nani?"

Alitia saini njia ya pili. Jina lilitoka nje ya mstari.

*

Sindano zote kumi na mbili alizichukua Tulinagwe. Wenzake walijitolea kugawana naye, akakataa. Alibadilisha zamu, akawa analala kwenye chumba cha wauguzi.

Walirudi kwenye mambo ya zamani. Mtoto kifuani kwa mama, tone la maziwa ulimini, kisigino kimepashwa joto kwa kitambaa. Muuguzi kimya. Tulinagwe aligundua kwamba hajui kuchoma akiwa kimya. Mdomo ulijifungua wenyewe akauma ulimi. Alitoboa.

Kilio kilitoka chembamba, kama mlango mkavu unaofunguliwa kidogo kidogo. Muuguzi mmoja kijana aliyekuwa anapima maziwa aliweka kikombe chini akatoka nje, na alipofuatwa alisema alikuwa hajui kama wana sauti. Sekela aliuma pindo la khanga. Walisubiri mpaka mtoto akatulia, akapumua vizuri, ndipo mama akaruhusiwa kusema. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kusema na kusema. Anakula, pole baba. Amelala, pole baba. Hakuna kitu, pole baba. Taa nyekundu kila mara, na machozi yanamtiririka mama kwa sababu sasa alijua nyekundu ni nini.

Siku ya kwanza ilipita hivyo. Siku ya pili asubuhi Sekela hakuitikia salamu ya Tulinagwe, na uji aliomletea ulipoa kwenye kimeza. Tulinagwe hakumlaumu. Angekuwa yeye angeumwaga.

Sindano ya saba, mchana wa siku ya pili, Lugano alilia, kisha akaacha kulia ghafla, akaacha na kupumua. Midomo ikawa ya buluu. Mashine ikapiga kelele. Tulinagwe alimsugua mgongo, akamgonga nyayo, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Sekunde kumi, kumi na tano. Mtoto akavuta pumzi. Rangi ikarudi taratibu kuanzia masikioni.

Sekela alisema, "Basi. Acheni. Zibeni."

Tulinagwe hakubisha. Moyoni, aibu kusema, alipata nafuu. Alimwita Ambokile, naye akaja na mashine yake, akaunganisha na kofia, akaeleza kwa upole kwamba kofia inahitaji kulinasa neno kwanza ndipo ilifunike, na inafaa iwe sauti anayoisikia zaidi. Kwa hiyo alimwomba mama alitamke mara ya mwisho.

Sekela aliinamisha kichwa. Alimwambia mwanawe pole, na hii haikuwa ya mafunzo. Alimaanisha yote yaliyompata tangu atoke tumboni.

Taa ikawa njano.

Walitazamana. Ambokile alisema huenda mtoto amechoka tu baada ya yale. Sekela alilitamka tena. Njano. Akangoja, akafuta pua, akalitamka mara ya tatu, na njano ile ilikaa kidogo ikafifia kuwa kijani.

"Kaka, funga mashine yako," alisema Sekela.

Zilibaki sindano tano. Nitaziruka, kwa kuwa zilikuwa kama zile saba. Jioni ya siku ya tatu Lugano aliambiwa pole mara ishirini mfululizo na taa haikutoka kwenye kijani. Siku ya nne soksi iliwashwa ikajipima. Siku ya tano mpaka jua linazama ilikuwa imetumia makufuli manne, na sindano zilikuwa nne. Sekela alikunywa uji wa Tulinagwe, akaomba na wa pili.

*

Bango la ukutani Tulinagwe alilipaka chokaa mwenyewe. Utaratibu mpya haukuandikwa popote kwa rangi: anayechoma ananyamaza, na mtoto akishatulia, mama ndiye anayesema pole.

Jambo moja lilimbakia. Siku ile ya tano, Sekela alipokwenda kuoga, Tulinagwe alisimama karibu na kikasha, akakumbuka kwamba hajajipima. Alitazama mlangoni kama mwizi. Akasema, "Pole, baba." Nyekundu, ile ile, na vidole vikakunjuka.

Alimwuliza Ambokile kabla hajaondoka. Ambokile alitaka kumficha, akaona haiwezekani. Alisema mtoto amelitenga neno la mama na neno la mwenye sindano. La mama limesafika. La Tulinagwe linaweza kusafika pia, ila itabidi aache kuchoma. Soksi inazuia maumivu lakini haizuii mtoto kujua ni nani aliyekuja. Akihamia wodi ya kangaruu, ambako akina mama huwabeba watoto kifuani na hakuna sindano, wiki tatu zingetosha. Hata kwa watoto wapya itakuwa hivyo hivyo. Mkono na mdomo haviwezi kuwa vya mtu mmoja.

Nafasi ya kangaruu ilikuwepo, na daktari mkuu alikuwa tayari kumpa. Kule angeketi na akina mama kutwa, akabembeleza, akapendwa kama zamani. Tulinagwe aliifikiria kwa siku mbili, na aliitamani sana. Siku ya tatu alimtazama muuguzi mzuri kuliko wote waliobaki akimtafutia damu mtoto wa kitanda cha nne: alitoboa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Soksi ilifunga mara tatu. Kisigino kile kilikuwa na majeraha mengi ambayo hayakuwa na haja.

Alimwambia daktari kwamba atabaki na sindano.

Lugano aliruhusiwa akiwa na gramu elfu mbili na mia moja, na Sekela alimkumbatia Tulinagwe mlangoni mpaka watu wakageuka kutazama. Walioshuhudia yale wakaondoka nao, mmoja mmoja, watoto wao wakinenepa. Vitanda vikajaa akina mama wengine.

Miezi mitano baadaye Tulinagwe alikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha sita, anapasha joto kisigino cha mtoto wa siku tatu. Upande wa pili, mama aliyeletwa jana alikuwa anamwuliza mwenzake yule sista mkubwa ni nani. Mwenzake akamjibu, kwa sauti ya chini ambayo pazia halizuii.

"Yule? Mkono wake mzuri, ila roho ngumu. Anachoma mtoto wa watu, hata pole hana."

Tulinagwe alisikia kila neno, na likamwuma. Mdomo ulifunguka. Akaufunga. Alikishika kisigino, akatoboa mara moja, damu ikaja, mtoto hakushtuka. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akamwashiria mama wa mtoto asogee, naye akasimama kando ananyamaza wakati mama anasema.